Mwaka wa Ilagala: Mvua ya Nchi Kavu, Upepo wa Ziwa

Majina ya majira yaliyomo katika Kiswahili yalitungwa na watu wa pwani ya Bahari ya Hindi, ambao waliuhesabu mwaka kwa pepo zilizoleta na kurudisha majahazi: kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki tangu Desemba hadi Machi, na kusi, upepo wa upande wa kusini unaotawala tangu Mei hadi Septemba. Kwa kufuata pepo hizo yakapangwa masika ya Machi hadi Mei, kipupwe cha Juni hadi Agosti, vuli ya Oktoba hadi Desemba, na kiangazi cha jua kali la Januari na Februari. Katika karne ya 19 maneno hayo yalisafiri na misafara ya biashara kupitia Tabora hadi Ujiji, karibu kilomita 1,000 kutoka baharini, na huko yakakuta mbingu nyingine. Januari, ambayo kwa mtu wa Bagamoyo ni kiangazi, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika ni mwezi wa mvua. Julai, ambayo pwani huja na manyunyu ya hapa na pale, huku aghalabu hupita bila tone. Watu wa Kigoma hawakuyatupa maneno waliyopokea, bali waliyahamisha maana: masika ikawa jina la kipindi chote cha mvua, kiangazi kikawa jina la kipindi chote cha ukavu, na vuli ikabaki neno la kusikika redioni, likiwahusu watu wengine.

Kuhama huko kwa maana si jambo la lugha tu, kwa sababu kunaonyesha kwamba tabianchi ya mwambao huu ina kanuni zake. Ilagala, kata ya Wilaya ya Uvinza iliyo kusini mwa mji wa Kigoma, karibu na mahali ambapo Mto Malagarasi unaingia ziwani, inafaa sana kwa uchunguzi wa kanuni hizo, kwa kuwa mvua, mto na ziwa hukutana hapo, na maisha ya watu, yaani muhogo, mawese na dagaa, yanategemea vyote vitatu kwa pamoja. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mwaka wa Ilagala hauelezeki kwa mvua peke yake. Upo mwaka wa nchi kavu, unaolishwa na mvua, na upo mwaka wa ziwa, unaolishwa na upepo wa kiangazi. Na miaka hiyo miwili inakwenda kinyume, kiasi kwamba miezi ambayo ardhi inakauka na nyasi zinaungua ndiyo miezi ambayo maji ya ziwa yanapata rutuba yake.

Ni vema kwanza kutenganisha maneno mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Hali ya hewa ni ile ya siku au juma, kama vile mvua ya leo usiku au upepo wa kesho asubuhi, ilhali tabianchi ni wastani wa hali hizo kwa muda mrefu, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa miaka 30, pamoja na kiasi ambacho hali hizo huyumba mwaka hadi mwaka. Majira ni mpangilio wa tabianchi ndani ya mwaka mmoja, na kinachoyaamua si kimoja kila mahali. Vitabu vingi vya jiografia vilivyosomwa Afrika Mashariki vilirithi mfano wa Ulaya, ambako majira huamuliwa na joto na baridi: mjini London wastani wa joto wa Julai huuzidi ule wa Januari kwa nyuzi 13 hivi za Selsiasi, na mchana wa katikati ya Juni ni mrefu zaidi ya mara mbili ya ule wa Desemba, wakati mvua, ambayo kwa mwaka mzima ni takriban milimita 600, imetawanyika katika miezi yote bila kuutukuza mmoja. Kigoma hupata karibu milimita 1,000 kwa mwaka, zaidi kuliko jiji hilo linalosifika duniani kote kwa mvua, lakini karibu zote hushuka kati ya Oktoba na Mei, huku Juni, Julai na Agosti zikigawana milimita chache tu. Na kwa kuwa Ilagala iko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, mchana mrefu kuliko yote unauzidi mfupi kuliko yote kwa nusu saa na ushei, na wastani wa joto wa mwezi wenye joto zaidi unauzidi ule wa mwezi wenye baridi zaidi kwa nyuzi 3 hivi, wakati mchana na usiku wa siku moja ya Julai huweza kutofautiana kwa nyuzi 10. Wanajiografia husema kwa sababu hiyo kwamba katika nchi za tropiki usiku ndio majira ya baridi.

Mvua ya mwambao huletwa na kile ambacho watabiri wa Tanzania hukiita ukanda mvua, yaani mkanda wa mawingu unaoizunguka dunia karibu na ikweta mahali ambapo pepo za kaskazini na za kusini hukutana, hewa ikalazimika kupanda, ikapoa na kuangusha unyevu wake. Ukanda huo hulifuata jua kwa kuchelewa kidogo. Jua hupita juu ya utosi wa Ilagala mapema Oktoba likielekea kusini na tena mapema Machi likirudi, na ukanda mvua huja nyuma yake, ukishuka Oktoba na Novemba na kupanda Machi na Aprili. Katikati ya safari hizo mbili, ukiwa umelalia Zambia, Malawi na kusini mwa Tanzania, mvua za Kigoma hulegea kwa majuma kadhaa ya Januari na Februari pasipo kukatika kabisa, na ulegevu huo ndio unaomwezesha mkulima kuvuna maharage ya kwanza na kupanda ya pili. Ni kama kwamba vuli na masika za pwani zimesogezwa zikagusana, kovu la mshono likabaki katikati.

Mahali ambapo mshono huo unafunguka hapako mbali. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, inapotoa mwelekeo wa mvua, huiweka sehemu kubwa ya Mkoa wa Kigoma katika kundi la maeneo yanayopata msimu mmoja wa mvua, wa Novemba hadi Aprili, lakini wilaya za kaskazini za Kakonko na Kibondo huziweka pamoja na ukanda wa Ziwa Victoria, wenye misimu miwili. Kwa hiyo mkoa mmoja una kalenda mbili za kupanda, jambo ambalo huwapotosha wanaoipokea taarifa ya mkoa kama taarifa moja. Isitoshe, unyevu unaoleta mvua Ilagala hautoki Bahari ya Hindi peke yake, kwa maana sehemu yake kubwa huletwa na pepo za magharibi kutoka bonde la Kongo, ambako misitu hunyonya maji ya mvua na kuyarudisha hewani kama mvuke, yakasafiri tena. Mawingu ya Kigoma, tofauti na yale ya Dar es Salaam, mara nyingi yameshanyesha msituni kabla ya kuvuka ziwa.

Ziwa lenyewe halikai kimya katika jambo hili. Mchana, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea vilimani. Usiku mambo hugeuka, hewa iliyopoa milimani huteremka kutoka Tanzania upande mmoja na kutoka Kongo upande wa pili, ikakutana juu ya maji ambayo bado yana joto, na hapo hufumuka mawingu ya radi. Ndiyo maana dhoruba za msimu wa mvua huwa nyingi ziwani usiku na alfajiri, saa ambazo wavuvi wako kazini, wakati vijijini, mbali kidogo na ufuko, mvua nyingi huja alasiri. Mashariki mwa Kongo, ng'ambo tu ya maji hayo, ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na radi nyingi kupita zote. Milima nayo huongeza sehemu yake: hewa yenye unyevu ikilazimishwa kupanda mteremko hupoa na kunyesha, na kwa hiyo safu ya Mahale kusini mwa Ilagala, ambayo kilele chake cha Nkungwe kina urefu wa mita 2,462, hupata kwenye miteremko ya upande wa ziwa mvua inayopita milimita 1,500 kwa mwaka, na kuotesha misitu wanamoishi sokwe, ilhali tambarare ya mlango wa Malagarasi hukaa na kiasi cha kawaida cha Kigoma.

Mvua zikikatika Mei, kinachobadilika kwanza ni upeo wa macho. Katika msimu wa mvua, hasa asubuhi baada ya dhoruba, milima ya Kongo huonekana waziwazi ng'ambo ya ziwa, umbali wa kilomita 50 hivi. Kiangazi kikikolea, moshi wa mapori yanayochomwa na vumbi la nchi kavu huifuta milima hiyo kwa miezi mizima, na jua huzama katika ukungu mwekundu kabla ya kuufikia upeo. Mgeni anayetegemea kuona mbali wakati wa kiangazi na karibu wakati wa mvua hukuta kinyume chake.

Lakini jambo kubwa la kiangazi ni upepo, na hapa inabidi kukaa zaidi, kwa kuwa ndipo ulipo moyo wa suala zima. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki, ambao ni ndugu wa kusi ya pwani, huingia katika bonde la ziwa na kubanwa na kuta za milima ya pande mbili, ukalazimika kuvuma kwa kufuata urefu wa ziwa kutoka kusini kwenda kaskazini. Urefu huo ni kama kilomita 670, nafasi ya kutosha kwa upepo kusukuma maji na kuinua mawimbi ambayo mtumbwi wa Ilagala hauwezi kuyapuuza. Ziwa hilo lina kina cha mita 1,470 mahali pa kina zaidi, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi, na linabeba takriban sehemu moja kwa sita ya maji baridi yote yaliyo juu ya uso wa nchi pasipo kuhesabu barafu. Hata hivyo uhai wake karibu wote uko katika ghorofa ya juu. Chini ya mita 100 upande wa kaskazini, na chini ya mita 200 hivi upande wa kusini, hakuna oksijeni, na hakuna samaki anayeweza kuishi.

Sababu ni kwamba maji hayo yamepangika kwa tabaka. Juu kuna maji yenye joto la nyuzi 25 hadi 28, chini kuna maji ya nyuzi 23 na kitu, na kati yake kuna tabaka la mpito ambamo joto hupungua haraka kadiri mtu anavyoshuka. Tofauti ya nyuzi 3 au 4 inaweza kuonekana ndogo, lakini maji yenye joto yana tabia yake: kila nyuzi moja inayoongezeka huyapunguzia uzito zaidi kuliko inavyoyapunguzia maji ya baridi, na kwa hiyo tofauti ndogo huku ni kifuniko kizito kuliko tofauti kubwa zaidi katika ziwa la Ulaya. Windermere, ziwa la asili lililo kubwa kuliko yote katika England, hupoa kila majira ya baridi mpaka maji yake yote yakalingana joto na kuchanganyika kutoka juu hadi chini, kazi ambayo huko hufanywa na baridi bila gharama. Tanganyika halipati majira ya baridi na kamwe halichanganyiki lote. Viumbe vyake vikifa huzama pamoja na rutuba iliyomo miilini mwao, yaani fosforasi na naitrojeni, na rutuba hiyo hujilimbikiza gizani kama nafaka katika ghala lisilo na mlango.

Upepo wa kiangazi ndio unaopasua mlango. Unapoyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, kifuniko huinama: upande wa kaskazini tabaka la joto hunenepa, na upande wa kusini, karibu na Mpulungu nchini Zambia, hukonda hadi maji ya baridi yenye rutuba yakapanda karibu na uso. Wakati huohuo upepo huo mkavu hukausha maji kwa wingi, na kukauka huko hupoza uso wa ziwa, kama jasho linavyopoza ngozi, jambo linalozidi kudhoofisha kifuniko. Septemba inapoisha na upepo ukalegea, tabaka zilizoinamishwa hurudi, zikapita usawa wake, zikarudi tena, mithili ya maji ndani ya beseni lililoachiliwa ghafla. Ila hapa mzunguko mmoja wa kwenda na kurudi huchukua majuma matatu hadi manne, na mawimbi hayo ya ndani, ambayo mtu aliye juu ya mtumbwi hayahisi, huendelea kuyumba ndani ya msimu wa mvua na kuisambaza rutuba katikati na kaskazini mwa ziwa. Ilagala, iliyo kaskazini kidogo ya katikati, hupokea neema ya upepo uliovuma miezi iliyopita mamia ya kilomita kusini yake. Mwani huota, viumbe vidogo vinavyoelea majini huula mwani, dagaa huvila viumbe hivyo, na migebuka huwala dagaa.

Mvuvi hushughulika na saa tatu kwa mpigo. Ya kwanza ni hiyo ya upepo. Ya pili ni ya mwezi, kwa kuwa dagaa huvutwa kwa mwanga, uwe wa karabai au wa taa za umemejua zilizochukua nafasi yake, na mwanga huo hauna nguvu usiku wa mbalamwezi, ndiyo maana vipe, yaani mitumbwi miwili iliyounganishwa na kubeba wavu katikati, hupumzika mwezi unapokuwa mpevu. Ya tatu ni ya mvua, nayo haimgusi sana mvuvi bali humgusa mwanamke anayeanika. Dagaa wa Kigoma waliojijengea jina mpaka Dar es Salaam ni wale waliokaushwa kwa jua, na wanahitaji jua la siku moja au mbili zisizokatizwa. Dagaa walioloa mvua ya alasiri hukatika, hubadilika rangi, na bei yao huanguka. Kwa hiyo mwezi wa samaki wengi si lazima uwe mwezi wa fedha nyingi. Vichanja, yaani meza za kuanikia zilizoinuliwa juu ya mchanga, hupunguza hasara hiyo, ingawa havizuii mawingu.

Chumvi ya Uvinza ilifuata kanuni ya aina hiyo, kwa maana chemchemi zake za maji ya chumvi karibu na Mto Ruchugi zilikuwa zikifunikwa na mafuriko ya masika, na watu wa zamani walikusanyika kuyachemsha maji hayo wakati wa kiangazi, kazi ambayo wanaakiolojia wameifuatilia nyuma kwa zaidi ya miaka 1,000.

Mchikichi ndio mmea unaosumbua zaidi akili ya mchambuzi. Asili yake ni misitu yenye unyevu ya Afrika Magharibi na ya Kati, na wataalamu wa zao hilo huona kwamba hustawi vizuri panapopatikana mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, iliyotawanyika bila kiangazi kirefu. Kigoma ina nusu ya kiasi hicho, pamoja na miezi minne mikavu. Michikichi ya Ilagala inaishi, kwa hiyo, si kwa mvua bali kwa maji ya chini: imeshikilia mabonde, kingo za mito na ufuko wa ziwa, mahali ambapo mizizi huyafikia maji hata Agosti. Ukame hauui mchikichi upesi, bali huupunguzia uzazi kwa njia isiyoonekana mara moja, kwa sababu mti uliokosa maji hutoa maua mengi ya kiume na machache ya kike, na jinsia ya ua huamuliwa takriban miaka miwili kabla ya kikonyo kuvunwa. Mawese yanapoadimika sokoni, kisababishi chaweza kuwa kiangazi cha mwaka juzi ambacho kila mtu amekwishakisahau. Kampeni ya kufufua zao hili iliyosukumwa tangu 2018 na Kassim Majaliwa alipokuwa Waziri Mkuu, pamoja na mbegu chotara ya tenera inayozalishwa katika kituo cha utafiti cha Kihinga, ina msingi mzuri. Lakini mbegu bora haifuti miezi minne isiyo na mvua, na shamba la tenera lililopandwa kilimani bila umwagiliaji litaonyesha tofauti hiyo kwa gharama ya mkulima.

Hadi hapa mwaka umeelezwa kama kwamba unajirudia, lakini maji ya Ilagala yana kumbukumbu ndefu kuliko mwaka. Malagarasi, mto wa kilomita 475 unaokusanya maji ya sehemu kubwa ya magharibi mwa Tanzania, hupita katika mabwawa ya Moyowosi, ardhi oevu iliyoingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhi za namna hiyo duniani. Mabwawa hayo huyapokea mafuriko na kuyaachia polepole, kama sifongo, hata mto ukajaa Ilagala mwishoni mwa mvua na baada yake, jua likiwa limeshaanza kuwaka. Anayevuka kwa kivuko cha Ilagala mwezi Mei hukanyaga maji yaliyonyesha mbali na zamani.

Ziwa nalo huchelewesha zaidi. Kila mwaka hupanda tangu Novemba hadi kufikia kilele Aprili au Mei, kisha hushuka hadi Oktoba, kwa tofauti ambayo kwa kawaida haifiki mita moja. Ila zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za maji yanayoingia hutoka kwa njia ya mvuke, na kiasi kidogo tu hutoka kwa Mto Lukuga, karibu na Kalemie nchini Kongo. Kwa hiyo mvua ikizidi wastani kwa miaka michache mfululizo, ziada hiyo haina pa kwenda upesi, na ziwa hupanda ngazi baada ya ngazi. Katika karne ya 19 hata Lukuga ulikuwa umezibwa na matope na mimea. Henry Morton Stanley, aliyekutana na David Livingstone mjini Ujiji mwaka 1871, aliporudi huko 1876 aliiona miti mitatu ya jamii ya michikichi iliyokuwa sokoni wakati ule ikiwa imesimama ndani ya maji. Ziwa liliendelea kupanda hadi 1878 lilipokisukuma kizibo cha Lukuga, na Edward Coode Hore, baharia wa London Missionary Society aliyefika Ujiji mwaka huohuo, akawa shahidi wa kushuka kwake. Katika muda wa miaka 20 hivi maji yalirudi chini kwa takriban mita 10. Mahali pa ukumbusho wa Livingstone, ambapo wakati ule palikuwa karibu na ufuko, leo pako mbali na maji kwa mwendo wa miguu wa kutosha kumtoa mtu jasho.

Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961, ambazo wazee wengi wa Tanganyika huziunganisha na Uhuru, zililipandisha ziwa hadi kilele cha karne ya 20 mwaka 1964. Chanzo chake ni hali ambayo wataalamu huiita dipoli ya Bahari ya Hindi, yaani maji ya magharibi mwa bahari hiyo kuwa na joto kupita kawaida na yale ya mashariki kupoa, hali inayoyavuta mawingu kuja Afrika. Dipoli kali ilirudi mwishoni mwa 2019, na nyingine, ikiambatana na El Niño, mwaka 2023. Baada yake maji yaliingia katika mitaa ya Bujumbura, Uvira na Kalemie, na katika mwambao wa Kigoma yalifika kwenye nyumba na mialo iliyojengwa katika miongo ambayo ziwa lilikuwa chini. Kuyaita matukio hayo maajabu si sahihi. Ziwa lilirudi mahali ambapo limewahi kukaa, likawakuta watu waliopewa viwanja humo, na lawama kwa mabadiliko ya tabianchi, hata ikiwa na ukweli ndani yake, haiondoi ukweli kwamba mstari wa 1964 ulijulikana.

Palipo na uhakika zaidi kuhusu mabadiliko hayo ni ndani ya maji. Daktari Mbelgiji Louis Stappers, ambaye jina lake limehifadhiwa katika jina la kisayansi la mgebuka, alipima joto la ziwa mwaka 1912 na 1913, na vipimo hivyo ndivyo vilivyowezesha watafiti wa tafiti mbili zilizochapishwa mwaka 2003 kuonyesha kwamba maji yameongezeka joto, ya juu zaidi kuliko ya chini. Madhara yake yanaeleweka kwa yaliyokwisha kusemwa: kifuniko kimekuwa kizito zaidi, na upepo uleule hauwezi tena kukiinamisha kama zamani. Utafiti mmojawapo ulikadiria kwamba uzalishaji wa mwani umepungua kwa asilimia 20 hivi, na kwamba upungufu huo unaweza kupunguza samaki kwa takriban asilimia 30. Utafiti wa 2010 uliosoma tabaka za matope ya sakafu ya ziwa ulionyesha kwamba joto la mwishoni mwa karne ya 20 halijapata kufikiwa katika miaka 1,500. Wapo wanasayansi waliopinga, hasa miongoni mwa walioshiriki mradi wa utafiti wa ziwa uliofadhiliwa na Ufini katika miaka ya 1990, wakisema kwamba kupungua kwa samaki kunaelezeka vya kutosha kwa idadi ya nyavu. Jibu zito zaidi lilitoka tena kwenye matope, mwaka 2016: mabaki ya samaki yalianza kupungua kabla ya uvuvi wa kibiashara wa katikati ya karne ya 20. Pingamizi hilo halifi kwa jibu hilo, kwa kuwa ziwa lenye chakula kidogo huumizwa zaidi na nyavu nyingi. Ila halitoshi tena kuwa maelezo pekee.

Kwa mtazamo huu, uamuzi wa nchi nne za ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, wa kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu kila mwaka una sura ya pekee. Tanzania ilianza kuutekeleza mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, na vijiji vya mwambao, vikiwemo vya Ilagala, viliingia kiangazi bila mapato ya dagaa, jua la kuanikia likiwaka bure. Malalamiko juu ya njaa ya miezi hiyo yana haki, na fidia kwa wavuvi inastahili kujadiliwa kwa uzito kuliko ilivyojadiliwa. Lakini tarehe zenyewe zinaonyesha kwamba kwa mara hii serikali zimesoma kalenda ya upepo, si ya mvua: ziwa limepumzishwa katika miezi ambayo rutuba inapanda. Linalobaki ni kwamba upepo wa kusini-mashariki huvuma hadi Septemba, na ziwa hufunguliwa katikati ya Agosti.